Sema Namba Kwanza: Mazungumzo na Vijana wa Saketi

Wengi mlikwamishwa na mvua Jumamosi mkakosa mazungumzo yangu na vijana wa saketi juu ya kupima kwa mita, na simu zimekuwa nyingi: mama, ulisema nini? Nimeyaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, kwa kuwa hata waliokuwepo hawakuziona vizuri.

Habari za asubuhi, wanangu. Shikamoo zenu nimezipokea pale mlangoni, marahaba. Na wazee mliowasindikiza vijana, mimi ndiye nasema shikamooni, na poleni kwa matope.

Nianze kwa kuwasumbua kidogo. Nyoosheni mikono: nani ana mita nyumbani, ile ya kupimia volti, ampea na omu? Naam, karibu nyote. Shusheni. Sasa swali la pili, na hili mjibu kwa ukweli. Mara ya mwisho ulipopima kitu, nani alijua mita itasoma ngapi kabla hajagusisha waya zake? Mmoja. Wawili. Watatu. Na huyo wa tatu amemtazama kwanza jirani yake.

Basi hotuba yangu ndiyo hiyo, mwenye haraka anaweza kwenda kunywa chai. Sema namba kwanza. Kabla ncha ya mita haijagusa saketi, sema kwa mdomo wako unatarajia kuona ngapi. Ukishindwa kuisema, hujawa tayari kupima. Unachotaka kufanya ni kupapasa, na kupapasa hakuhitaji mita.

Neno hili si langu. Ni la mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio Ngamiani, kule Tanga. Mimi nilikuwa binti wa miaka 13, kazi yangu kufagia vipande vya waya na kupeleka vikombe vya kahawa. Mita ilikuwa moja tu, ya mshale, imefungwa kwenye kitambaa kama msahafu. Siku niliyoruhusiwa kuishika nilikaribia kulia.

Alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili na redio ya betri nne kubwa, zile za tochi. Ukiiwasha kwa sauti ya chini inasema vizuri. Ukiongeza sauti inakoroma, inakatika, inakoroma tena. Nikapima betri: volti 5.9. Betri nne za volti 1.5 ni 6, kwa hiyo nikatangaza kama daktari: "Betri nzima mjomba, tuifungue redio." Na pasi ya kulehemu nilishaichomeka ipate moto.

Mjomba akauliza, "Ulipima redio ikiimba au ikiwa imelala?"

Imelala.

"Mtu aliyelala utajuaje kama anaweza kubeba gunia?"

Akaiwasha, akapandisha sauti, akaweka ncha palepale nilipoweka mimi. Ule mshale ukaanza kucheza na muziki. Ngoma ikipiga, unashuka mpaka karibu na 4. Ngoma ikinyamaza, unapanda. Betri zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na kadiri inavyozeeka ukinzani huo unakua. Ikiwa hakuna mkondo unaopita, ukinzani huo hauonekani. Saketi ikidai mkondo, sehemu ya volti inabaki humohumo ndani ya betri, na redio inapata makombo.

Mnaelewa nilichokuwa nataka kufanya? Nilikuwa nataka kuipasua redio nzima isiyo na ugonjwa wowote, kwa sababu nilipata namba nzuri kutoka kwenye kipimo kibaya.

Na msidhani hayo ni ya zamani. Wiki hii tu nimeletewa betri ya sola, mwenyewe anaapa ni nzima, imesoma 12.5. Ndiyo, imesoma 12.5 ikiwa imekaa mezani. Tumeiwashia balbu mbili za gari, ikaanguka hadi 10 kabla sijamaliza kuvuta kiti. Kijana mwingine alitaka kurudisha paneli dukani kwa sababu imeandikwa ya volti 12 na mita inasoma 21. Haijaunguza kitu, haijaharibika. Paneli ya aina hiyo, ikiwa juani na haijafungwa kwenye chochote, ndivyo inavyosoma. Angeijua namba kabla, angeokoa nauli.

Kwa hiyo sema namba, na sema pia saketi iko katika hali gani unapoipima.

Sasa mtaniuliza: mama, namba hiyo naitoa wapi? Mimi si mhandisi, nimemaliza juzi kidato cha nne. Sawa. Nyingine zinatoka kwenye hesabu ya Ohm, volti ni mkondo mara ukinzani, ambayo mwaka 2027 itafikisha miaka 200 tangu aichapishe, na bado watu wanaikwepa kama deni. Nyingine unazishika kichwani tu, na si nyingi. Dayodi ya silikoni, ile inayopitisha mkondo upande mmoja tu, ikiwa inapitisha: kati ya 0.6 na 0.7. Baina ya besi na emita, miguu miwili ya transista, ikiwa imewaka: hivyohivyo. Taa ya LED nyekundu: kama 2. Ya bluu au nyeupe: kama 3. Mguu wa kutokea wa regyuleta ya 7805, kile kifaa cha kutuliza volti: 5, mradi umeilisha 7 au zaidi kidogo. Ukiwa na hizi tano unaweza kufanya kazi mwaka mzima.

Na nyingine unazipima mwenyewe kitu kikiwa kizima. Hili ndilo ninalowaomba zaidi, na ndilo hakuna anayelifanya. Redio iliyokuwa ikitoka kibandani kwa mjomba imepona, kabla hajafunga mfuniko alipima sehemu sita au saba, akaandika volti kwa penseli upande wa ndani wa mfuniko. Wateja walidhani ni bei. Miaka mitatu baadaye redio ileile ikirudi, mjomba anafungua mfuniko na majibu yako pale. Ninyi saketi yenu ikiwaka mara ya kwanza mnafanya nini? Mnaipiga picha, mnawatumia rafiki, mnalala. Ipimeni! Siku inapofanya kazi ndiyo siku ya kuipima.

Nije kwenye jambo linalowachanganya hata mafundi wenye mvi. Mita nayo ni sehemu ya saketi.

Tunaongea kana kwamba mita ni jicho linalotazama tu. Si jicho. Ni mgeni aliyeingia jikoni na kijiko. Kila unapogusisha zile waya mbili umefunga rezista mpya kwenye saketi yako, na rezista hiyo inakula mkondo. Swali ni inakula kiasi gani.

Mita ya mshale ilikula sana. Mnaijua asili yake? Mwingereza mmoja, Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba vyombo vitatu kwa kazi za simu: kimoja cha ampea, kingine cha volti, kingine cha omu. Akaviunganisha katika sanduku moja, likaanza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO: ampea, volti, omu. Hata matoleo mazuri ya baadaye yalikuwa na ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti ya kipimo. Maana yake, ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10, umefunga rezista ya omu 200,000 kwenye saketi yako. Mjomba alilijua hilo. Akisoma namba ndogo kuliko anayotarajia alikuwa anasema, "Huyu amekula kidogo," halafu anarudisha kile kilicholiwa kwa hesabu ya kichwani.

Mita zenu za namba zinakula kidogo zaidi, ila hazilingani. Nyingi nzuri zina omu milioni 10, mega 10 kwa lugha yetu. Ile ndogo ya bei nafuu, DT830, ambayo naiona mifukoni mwenu hapa, ina mega moja tu. Je, inaleta tofauti? Chukua betri ya volti 9, funga rezista mbili za mega moja moja kwa mfululizo, pima katikati. Namba ya kweli ni 4.5, hilo hata aliyesinzia pale nyuma anajua. Mita ya mega 10 itakwambia kama 4.3. Ile ndogo itakwambia 3. Volti 3! Betri ileile, rezista zilezile. Mita haikudanganya. Wakati imeguswa, pale katikati kweli pana volti 3, kwa sababu wewe umeongeza rezista ya tatu.

Kuna kijana hapa ukumbini, simtaji, anacheka mwenyewe ameshajijua, aliyeteseka wiki mbili kwa jambo hili. Alitengeneza kengele ya tenki la maji, ili maji yakijaa nyumbani kwao wafunge pampu. Saketi nzuri, rahisi. Waya mbili zinaning'inia tenkini. Moja imefungwa kwenye hasi ya betri. Nyingine imevutwa kwenye volti 9 kwa rezista ya mega moja, na hapohapo pameingia kwenye aisi ya 4011, chipu inayogeuza: ikiingizwa chini inatoa juu. Maji yakigusa waya zote mbili, sehemu hiyo inashuka, aisi inageuza, mguu wake wa kutokea unapanda, transista inawaka, kengele inalia.

Kengele hailii. Unatumbukiza waya kwenye glasi ya maji, kimya. Kijana akachukua mita, akapima mguu wa kuingilia waya zikiwa kavu. Akapata 4.5. Akasema, hapa pangekuwa na 9, aisi inavuja. Akabadilisha aisi. 4.5. Akabadilisha tena. 4.5. Ya tatu akainunua duka jingine, akidhani la kwanza linauza feki. 4.5.

Nani anaweza kuniambia ile 4.5 imetoka wapi? ... Sema kwa sauti, binti. Ndiyo! Mega moja ya saketi, mega moja ya mita, nusu kwa nusu. Alikuwa anapima mita yake mwenyewe. Aisi zote tatu zilikuwa nzima, na kule mjini ameacha hela ya chakula cha wiki.

Halafu kuna kosa lililo chini ya hilo. Kwa nini alianzia kwenye aisi? Kwa sababu ndugu mmoja mtandaoni alikuwa na kengele kama yake na ikapona kwa kubadilisha aisi. Wazee wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Ugonjwa wa saketi ya mtu mwingine si ugonjwa wa saketi yako, hata kama zote zimenyamaza.

Tulipokaa naye nilimwambia: hebu tukate katikati. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo njia ninayoitumia kuliko zote.

Bomba la mtaa likikauka, hamchimbi barabara nzima hatua kwa hatua. Mnakwenda kwenye koki iliyo katikati mnafungua. Maji yapo? Basi tatizo liko mbele. Hayapo? Liko nyuma. Nusu ya mtaa umeshaiondoa kwa kufungua koki moja. Ile nusu iliyobaki unaikata tena. Saketi yenye hatua nane unahitaji vipimo vitatu tu, si vinane. Yenye hatua kumi na sita, vinne.

Kwenye kengele yetu katikati ni wapi? Mguu wa kutokea wa aisi. Nikamwambia, sema namba. Waya zikiwa majini tunatarajia ngapi? Akafikiri, akasema karibu 9. Tukagusisha: karibu 9. Mnaona? Kwa kipimo kimoja tu tumejua: kinachoinyamazisha kengele hakiko kwenye waya za tenkini, wala ile mega moja, wala aisi. Wiki mbili alikuwa anahangaika kwenye nusu isiyo na ugonjwa.

Ikabaki transista na kengele. Besi ya transista, sema namba. Akasema 0.7. Safi kabisa, maana emita iko kwenye hasi, na besi haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Tukagusisha: 8.9.

Ukumbi ule wa nyumbani kwao ukawa kimya kama wa mtihani. Hebu fikirini nanyi. Besi ina 8.9. Asiye na namba kichwani angesema vizuri, umeme umefika. Ila sisi tulitarajia 0.7! Besi ya transista nzima, yenye emita iliyokaa kwenye hasi, haiwezi kusoma 8.9. Kwa hiyo ama transista imekatika ndani, ama emita haiko kwenye hasi. Tukapima emita, ambayo ilipaswa kuwa sifuri: zaidi ya 8. Emita ilikuwa inaelea hewani.

Ila kwa macho imefungwa! Mguu wa emita umechomekwa kwenye ule mstari wa bluu wa hasi, kwenye bodi nyeupe ya matundu. Na hasi ya betri imechomekwa kwenye mstari uleule wa bluu. Sasa wenye zile bodi ndefu mnisikilize vizuri. Nyingi katika hizo, mstari wa pembeni umekatwa katikati. Rangi inaweza kuendelea lakini bati la ndani halikuendelea. Betri yake ilikuwa nusu ya juu, transista nusu ya chini. Kipande cha waya chenye urefu wa kidole, kengele ikalia mpaka mama yake akatoka jikoni.

Nataka mtazame kilichotuokoa. Tungeweza kupima mguu ule wa besi mara mia. Namba 8.9 peke yake haisemi lolote. Ilianza kusema pale tu ilipokutana na 0.7 iliyokuwa vichwani mwetu.

Maji kidogo... ahsante.

Jambo jingine: mita ina macho mazito. Inasoma, inafikiri, inaonyesha, labda mara mbili au tatu kwa sekunde. Yanayotokea katikati haiyaoni.

Jirani yangu mmoja anafuga kuku, na mtoto wa dada yake alimtengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga. Joto la nyuzi 37.5, siku 21, mnajua wenyewe. Arduino, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inasoma joto, inawasha na kuzima balbu kwa rilei, swichi inayovutwa na koili ya waya, na kwenye kioo kidogo inahesabu siku. Kila kitu kizuri, ila moja: kwa mujibu wa mashine ile, mayai yalikuwa na siku moja. Leo siku ya kwanza, kesho siku ya kwanza, wiki ijayo siku ya kwanza. Kila rilei ikiachia, Arduino inazimika na kuanza upya, ikisahau kila kitu.

Kijana alipima umeme wa Arduino: volti 5.0, imetulia kama maji ya mtungi. Rilei inalia tak, mashine inaanza upya, na mita bado 5.0. Akaniambia, shangazi, umeme hauna tatizo, nimepima. Nikamuuliza, tatizo likidumu kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, mita yako ingeliona?

Mwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, angeliona. Hatukuwa nayo. Je, tukakunja mikono? Hapana, tukauliza swali kwa njia nyingine. Tulikuwa na washukiwa wawili: ama rilei inavuta mkondo mwingi chaja ikazidiwa, ama koili ya rilei inapiga teke inapokatiwa umeme. Ile koili ina omu kama 70. Nikamwambia aichomoe, mahali pake aweke rezista ya omu 68 ya nusu wati. Mkondo ni uleule, kama miliampea 70, ila rezista si koili, haina teke. Tukaacha mashine izunguke nusu saa. Haikuanza upya hata mara moja.

Mshukiwa wa kwanza akaachiwa huru. Ni teke. Koili haipendi mkondo wake ukatishwe ghafla. Ukiukata, yenyewe inapandisha volti, makumi na hata zaidi, kutafuta njia ya kuupitisha. Ndiyo maana tunafunga dayodi sambamba na koili, ikitazama upande wa kinyume, ili teke lizungukie humo life. Kijana akasema dayodi ipo. Na kweli ilikuwepo, 1N4007, imekaa upande sahihi. Nikaisukuma kwa kijiti cha meno. Mguu mmoja ukacheza. Lehemu baridi: risasi imeuzunguka mguu ikang'aa, haikuushika. Kazi ya pasi kwa sekunde tatu.

Kijiti cha meno, wanangu, ni chombo cha kupimia. Wekeni kimoja kwenye mkoba.

Haya, mengine nayapitia mbiombio, muda unakwenda na wali nausikia.

Ule mlio wa mita unaousikiliza kutafuta waya uliokatika: si ushahidi wa muungano mzuri. Mita nyingi zitalia hata kukiwa na omu thelathini au zaidi njiani. Kwa LED haina neno. Kwa waya wa kulisha amplifaya ni msiba. Ukiwa na shaka weka kwenye omu usome namba, na kwanza gusisha ncha zenyewe kwa zenyewe ujue waya zako zina omu ngapi, utoe. Na omu hazipimwi saketi ikiwa na umeme. Kamwe.

Mkondo unapimwa kwa kukata njia na kuipitisha ndani ya mita. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Rudisha kabla hujafurahia jibu. Rudisha kabla hujaitika simu. Waya ukibaki kwenye tundu la ampea, mita imekuwa kipande cha chuma, na ukienda kupima betri umepiga shoti. Ukienda kupima soketi ya ukutani... Kwenye zile mita ndogo, soma maandishi kando ya tundu la ampea 10: nyingi zimeandikwa wazi kwamba halina fyuzi. Mimi nina kovu hapa, kidole cha shahada, mnaliona? Mita yenyewe tulifagia.

Na hapo ndipo ninapogeuka kuwa mkali. Umeme wa ukutani haumo katika mchezo wetu bado. Ndani ya chaja au adapta, umeme wa volti 230 ukishanyooshwa, ile kapasita kubwa inabeba kama volti 325, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Nimeona watu wazima wakizitoa kwa bisibisi, pa! Tunazitoa kwa rezista, taratibu, halafu tunapima, na namba tunayoitarajia ni sifuri. Ukishakua, nitakufundisha kufunga balbu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo na kifaa unachokijaribu, ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya bodi kulipuka. Ukishakua, nimesema. Wazazi mmenisikia? Haya.

Mmoja aliniuliza asubuhi, mama, ninunue nini kwanza, osiloskopu au mita ya pili? Mita ya pili, mwanangu. Mita mbili za hovyo zinazopima kitu kimoja kwa wakati mmoja zinafundisha mengi. Moja iangalie volti ya betri, nyingine iangalie mahali unapopashuku, halafu washa. Ukiona zote mbili zimeanguka pamoja, umeshajua wapi pa kuanzia. Osiloskopu itakuja, na ikija tutakaa tena, maana ile klipu yake ya hasi ina hadithi zake za kutisha.

Sasa basi. Mnaziona zile meza tano pale ukutani? Kila meza ina saketi moja. Zote zilikuwa nzima jana, nimeziharibu mwenyewe jana usiku, na nimefurahi sana kuziharibu. Kuna taa za kupokezana zenye aisi ya 555, kuna amplifaya ndogo, kuna chanzo cha volti 5 ambacho nimekifungia 78L05 mahali pa 7805, na wenye kujua miguu yake wameshaanza kucheka. Mbili zilizobaki siwaambii.

Mita ziko kwenye kapu langu na kapu nimelikalia. Mkija watatu watatu, nataka karatasi. Saketi imechorwa, sehemu nne zimewekwa alama, na kando ya kila alama kuna namba mnayoitarajia, kwa kalamu, si kwa penseli. Nikiona namba nne, natoa mita.

Meza ya kwanza ni akina nani?